Galaxy S24 Ultra: Unalipia Nini Hasa?

Kwa sababu nilisomea sayansi ya tarakilishi chuoni, watu huniuliza kila mara: simu ya bei ghali ina nini ambacho yangu haina? Wiki tatu hizi nimekuwa na Samsung Galaxy S24 Ultra ya binamu yangu. Yeye amenunua mpya zaidi, akaniambia niijaribu hii, na nikiipenda nimpe shilingi 80,000. Pesa ninazo. Lakini ndizo nilizoweka kumnunulia mdogo wangu kipakatalishi, maana anaingia chuo kikuu Septemba. Kwa hivyo nimeichunguza kwa makini sana!

Tuanze na umbo. Simu hii ilitoka Januari 2024. Fremu yake ni ya titaniamu, na kioo cha inchi 6.8 ni bapa, hakikupinda pembeni kama cha S23 Ultra. Kioo chenyewe hakirudishi mwangaza sana, kwa hivyo hata jua la saa saba mchana unasoma ujumbe bila kujikinga kwa kiganja. Ina uzito wa gramu 232, na mfuko wa shati unaujua. Ndani mna kalamu ya kuandikia, ambayo mimi niliitumia siku mbili nikaisahau.

Kamera? Wauzaji watakuimbia megapikseli 200. Ukweli ni kwamba kwa kawaida simu huunganisha pikseli 16 kuwa moja, nawe unapata picha ya megapikseli 12. Si udanganyifu, kwani njia hiyo husaidia sana gizani. Lakini kilichonipendeza zaidi ni lenzi ya kuvuta mara tano. Nilisimama ng'ambo ya Thika Road nikasoma namba ya simu kwenye bango la fundi.

Kuna yaliyonikera pia. Hakuna tundu la spika za masikioni wala nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na hata ikiwa mpya, kichwa cha chaji hakimo katoni mwake. Halafu kuna kile kipengele cha kutafsiri mazungumzo ya simu papo hapo. Kilianza na lugha 13, Kipolandi na Kivietinamu zikiwemo. Kiswahili? Hakikuwemo! Na ukibonyeza *334# kutuma pesa, menyu inayokuja ni ile ile inayokuja kwenye mulika mwizi.

Kwangu mimi mwandishi wa programu, kasi yake ni ya hatari kidogo. Programu ninayotengeneza hufunguka humu kufumba na kufumbua, kwani ina RAM ya GB 12. Wateja wangu wengi wana simu za GB 2. Nikiizoea hii, nitasahau jinsi wao wanavyosubiri.

Sasa, jambo ambalo halionekani dukani: Samsung iliahidi kuipa simu hii masasisho kwa miaka saba, yaani hadi 2031. Kwangu hiki ndicho kipengele kikubwa kuliko vyote. Simu isiyopata masasisho hubaki na mianya ya usalama wazi, na baada ya muda programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye Android ya zamani. Kioo bado kizuri, betri bado inashika chaji, lakini simu imezeeka.

Tupige hesabu. Ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 1,300. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hivyo ni kama shilingi 208,000 kabla ya ushuru. Gawanya kwa miezi 84: karibu shilingi 2,480 kwa mwezi. Ya binamu, kwa 80,000 na miaka mitano iliyobaki, ni kama 1,330. Simu yangu ilinigharimu 18,000 na ilipata masasisho miaka miwili tu: 750 kwa mwezi. Rahisi bado ni rahisi, ila pengo si kubwa kama nilivyodhani.

Uamuzi wangu? Ni simu nzuri kweli, na anayepata riziki kwa picha na video asisite kuitafuta iliyotumika. Lakini mimi nikiikosa nitakosa raha. Mdogo wangu akikosa kipakatalishi atakosa masomo. Leo jioni namrudishia binamu simu yake.

Nawe ukienda Luthuli Avenue, usianze kwa kuuliza megapikseli. Fungua Mipangilio, tafuta Kuhusu Simu, utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kisha muulize muuzaji: imebakiza miaka mingapi? Akibabaika, shika pesa zako vizuri uende duka la pili.