Gigahezi 4.6

Kompyuta nyingi hapa Kakamega ni ex-UK. Zilishafanya kazi ofisini huko Uingereza, zikachoka, zikaletwa kwetu. Madabodi zake zimefungwa. Ukiingia BIOS unabadilisha saa na tarehe, basi. Kwa hivyo siku jamaa mmoja wa Lurambi aliponiuzia bodi ya Z68 na prosesa ya Core i5-2500K, usingizi uliniruka. Ile K ya mwisho inamaanisha Intel haikufunga kizidisho.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Saa ya msingi ni megahezi 100. Zidisha mara 33, hizo ndizo gigahezi 3.3 ulizolipia. Zidisha mara 45, una 4.5 na hujaongeza hata bob. Kwangu haikuwa mchezo. Nahariri video za mazishi, na video moja ilinichukua karibu masaa matatu kutoka. Mvua ya alasiri hapa huwa inakuja na stima inaenda.

40, poa. 42, poa. 44 ikaganda. Nikaongeza volti, ikatulia. Lakini volti ndiyo huleta moto: joto halipandi hatua kwa hatua nayo, linapanda kwa mraba wake. Na tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kila mzunguko wa feni unabeba kidogo kuliko ungebeba Mombasa. (Mombasa nayo ina jua lake, sawa.) Kwa volti 1.4 nikafika 4.6, nyuzi 84.

"Papa, hiyo kitu yako inanuka kama pasi," mama akasema kutoka jikoni.

Watu hushauri uache jaribio liende usiku kucha. Mimi nililipa dakika kumi. Ilikuwa Alhamisi, na kukhu tungemzika Jumamosi. Nikahamisha klipu zake zote kutoka kwa kadi ya kamera, nikafuta kadi ili niitumie mazishini, nikaanza kuhariri.

Kitu sikujua ni kwamba prosesa iliyosukumwa kupita kiasi haizimi kila mara. Saa zingine inakosea hesabu kimyakimya, na kosa linaandikwa kwenye diski kama ukweli. Klipu moja ilikuwa ya kukhu akiwa kwa mkeka, akitaja majina ya wajukuu mmoja mmoja. Baada ya jina la nne, picha inageuka vibox vya kijani, sauti inakwaruza. Sekunde kumi na moja. Nilirudi kwa kadi na programu za kufufua faili. Nilikuwa nimeshairekodia matanga.

Nimerudisha kizidisho 33. Mama huniomba nimwekee hiyo video Jumapili jioni. Ikifika hapo kwa kijani husema hiyo kamera ilikuwa mbaya, na mimi hunyamaza. Jina langu lilikuwa la sita.