Kupe wa Ng'ombe, Homa ya Mtu

Katika darasa la fasihi, neno kupe hutujia likiwa na maana ya pili: mnyonyaji, mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Enzi za Ujamaa, Watanzania walilitumia sana hivyo. Mimi nimezaliwa Ankole, magharibi mwa Uganda, katika boma la wafugaji, na kwangu kupe ni kupe tu. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ndigana kali huletwa na kupe na humaliza ndama, ndiyo maana ng'ombe hunyunyiziwa dawa mara kwa mara. Lakini kupe akimng'ata mtu, hung'olewa kwa kucha, hupasuliwa palepale, na maongezi yakaendelea.

Likizo iliyopita mjomba aling'atwa nyuma ya goti. Siku ya saba akashikwa na homa, kichwa kikamgonga, na kinenani ukatokea mtoki. Mama akasema ni malaria. Mjomba alikataa kulipa bodaboda mpaka kituo cha afya. "Mpwa wangu," aliniambia, "homa ya kupe ni ya ng'ombe." Hata hivyo macho yote yalinigeukia mimi niliye chuo kikuu, kana kwamba shahada ya Kiswahili ina tiba ndani yake.

Nilisoma kwenye simu. Maelezo mengi yalihusu Ulaya na Marekani: tafuta duara jekundu linalotanuka, dalili ya ugonjwa wa Lyme. Mjomba hakuwa na duara. Alikuwa na kigaga cheusi, kidogo kama punje ya mtama, mahali alipong'atwa. Nikaendelea kutafuta mpaka nikafika kwenye homa ya kupe ya Kiafrika. Huletwa na bakteria, huanza siku kadhaa baada ya kung'atwa, na kigaga cheusi pamoja na mtoki ni miongoni mwa dalili zake. Kwa kawaida haiui, na ina dawa.

Kilichonitisha zaidi ni homa ya Krimea na Kongo, ambayo imeonekana Uganda mara kadhaa tangu 2013. Hiyo huja ghafla, mara nyingi siku moja hadi tatu baada ya kung'atwa, na mgonjwa anaweza kutokwa na damu. Huambukiza pia kwa damu ya mnyama au ya mgonjwa, na hata kwa kupe anayepasuliwa kwa vidole vitupu, yaani mchezo wetu wa kila siku. Nilimtazama mjomba ufizi na ngozi. Hakukuwa na damu wala madoa. Kama vingekuwapo, tusingebishana hata dakika moja, na wala tusingembeba bila kujikinga.

Basi tukaenda, mimi nikilipa bodaboda. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Hapo ndipo nilipomwambia afisa tabibu habari ya kupe, siku aliyong'ata na kile kigaga. Bila maneno hayo angeona tu homa isiyo na malaria, na homa za namna hiyo ni nyingi. Akamvuta suruali juu, akatazama, akaandika doksisaiklini. Siku ya tatu mjomba alikuwa zizini.

Kiswahili kina neno jingine ambalo wenzangu wa darasani hulichanganya na kupe: papasi. Huyu hakai malishoni. Hujificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, humng'ata mtu usiku akiwa usingizini, kisha hurudi ufani kabla ya alfajiri. Homa yake huja, huondoka, kisha hurudi. Daktari Mwingereza Joseph Dutton alifia Kasongo, Kongo, mwaka 1905 akiwa anaichunguza. Mgonjwa wa papasi hawezi kusema aling'atwa lini, kwa hiyo swali la maana kwake ni amelala wapi.

Kwa kupe wa malishoni tarehe inajulikana. Sasa mjomba ana kibano kwenye chumba cha maziwa. Humshika kupe karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole bila kumpasua, hapaki mafuta ya taa, kisha hunawa kwa sabuni na kuweka alama kwenye kalenda. Siku kumi na nne zikipita bila homa, huifuta.