Nyuma ya Spika

Udongo wa Kajiado ukikauka haupitishi stima. Unachimbia nondo futi tatu, unafunga waya wa ardhi vizuri kabisa, na bado maikrofoni inamng'ata mwimbaji midomoni. Dawa yake ni maji ya chumvi, ndoo nzima. Unamwaga taratibu kuzunguka nondo, unangoja yazame, unamwaga tena.

Hilo nililijua baada ya kosa. Ilikuwa mwaka 1976 katika ukumbi mmoja wa Kajiado mjini. Nilikuwa na umri wa miaka 21, na bendi iliyokuwa jukwaani sitaitaja. Tulichelewa kufika, watu walikuwa wameshalipa mlangoni, nikaunganisha vyombo haraka bila kuupima waya wa ardhi. Katika wimbo wa pili mwimbaji alisogea kwenye maikrofoni akiwa ameshika nyuzi za gitaa, nikaona kichwa chake kikirushwa nyuma. Hakuanguka. Alifuta mdomo kwa mkono wa shati, akasogea hatua moja, akaimba usiku kucha bila kuigusa maikrofoni tena. Alfajiri, tukipakia mizigo, mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba, na mimi nilishindwa kumtazama. Mpiga besi, mzee wa Tanga, alikaa nami juu ya sanduku la spika akanieleza habari ya chumvi. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama nimeelewa, nikamjibu, "Nimeelewa, mzee." Nilifanya kazi ile miaka 22 zaidi, na stima yangu haikumng'ata mwanamuziki mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tajiri wangu wa Nairobi alikuwa na vyombo vya kukodisha: ampi, spika, maikrofoni, mashine ya mwangwi na jenereta moja. Bendi isiyo na vyombo, au yenye vyombo vibovu, ilikodi kwake, na mimi nilikwenda pamoja navyo katika pikapu ya Peugeot 404. Nilifunga, nilikesha, nilifungua. Washabiki wanaohadithia wanamuziki waliowaona huwa wanahadithia nyuso: jasho, suti, namna fulani alivyocheka. Mimi nakumbuka migongo, mikono na sauti inayotoka upande wa nyuma wa sanduku, pale mbao zinapotetemeka.

Nilizaliwa Kajiado, mtoto wa reli. Baba alikuwa stesheni, kwenye njia inayotoka Konza kwenda Magadi, na mabehewa ya magadi yalipita karibu kiasi cha kutikisa vikombe kabatini. Usiku redio yetu ya betri iliikamata Dar es Salaam vizuri. Humo ndimo nilimosikia NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na Jamhuri Jazz ya Tanga. Neno lenyewe "jazz" kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta, na mpaka leo natetea matumizi hayo. Louis Armstrong alipopita Nairobi mwaka 1960 mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini baba alilitaja jina lake pamoja na hao wa Tanga na Morogoro, kwa heshima ile ile, na sioni kwamba alikosea.

Barabara ya Namanga ndiyo iliyotuletea Tanzania. Ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga wakapitia Arusha, waliingia Kenya mwaka 1971 na kuanzisha Simba Wanyika. Anayetoka Arusha kwenda Nairobi hupita Namanga, Bissil, Kajiado, Isinya, kisha hapa Kitengela, ambapo siku hizo palikuwa na maduka machache ya Noonkopir na ng'ombe wakielekea kiwanda cha nyama cha Athi River. Jina la bendi lilitugusa watu wa huku. Simba wa nyika kwetu ni mnyama anayetoka mbugani usiku akavuka mpaka kwenye maboma, na wazee wakaamka na mikuki.

Niliwaona mara ya kwanza mwaka 1975. Wote waliokuwa ukumbini walimtazama Wilson Peter, na walikuwa na haki, kwa sababu gitaa lake la solo lilizungumza Kiswahili kama yeye mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nyuma, na ampi iliyokuwa karibu na goti langu ilikuwa ya gitaa la rithim. Aliyelipiga ni Omar Shabani, ambaye watu walikuja kumwita Profesa.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa kuwa hili ndilo ninalotaka kulisema kuliko yote.

Katika mitambo yetu kulikuwa na kidude chenye sindano inayoonyesha nguvu ya sauti. Mpiga gitaa wa kawaida akianza, sindano inarukaruka: hapa amechoka, hapa amemwona msichana, hapa amekasirishwa na mpiga ngoma. Kwa Shabani sindano ilipanda ikafika mahali, ikashuka, ikapanda ikafika mahali palepale. Kwenye santuri wimbo ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, lakini ukumbini uliweza kwenda dakika 20. Kwa dakika zote hizo alirudia nakshi moja fupi ya nyuzi, na sindano haikutoka mahali pake. Mpiga solo alitoka, akazunguka, akapotea, akarudi akakuta nyumba imesimama, taa inawaka na chakula kiko mezani. Nilikuwa nikiweka kiganja nyuma ya spika ile ili nihisi tu. Ilikuwa kama kuweka mkono juu ya ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Mwaka 1978 Shabani na wenzake kadhaa walijitenga wakaunda Les Wanyika, na mwaka uliofuata wakatoa Sina Makosa, wimbo alioutunga yeye. Kila mtu Afrika Mashariki anaujua. Watu husifu maneno yake na sauti za waimbaji. Mimi husema: usikilize tena, uyaache maneno yapite, ulifuate gitaa la Shabani na besi ya Tommy Malanga. Hakuna tarumbeta nyingi, hakuna fujo. Nafasi zimeachwa wazi makusudi kati ya noti na noti, na mtu huhitaji ujasiri kuacha nafasi wazi mbele ya ukumbi uliojaa watu waliokunywa. Nimefungia vyombo vijana wengi wenye vidole vya haraka kuliko vyake. Hakuna hata mmoja aliyeweza kungoja kama yeye.

Kuna mmoja ambaye sikumwona. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekwishaiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na barabara yetu ya Namanga ikanyamaza. Watu wa umri wangu watakumbuka unyamavu ule: malori yaliyozoeleka yalikoma, na biashara ndogondogo za njiani zikafa. Hata hivyo Mbaraka alifika Kenya, na Januari 1979 alikuwa Mombasa. Tajiri aliniambia nijiandae, huenda bendi ikija Nairobi itahitaji vyombo. Nilisafisha kila soketi. Karatasi ya spika moja ilikuwa imechanika, nikaitengeneza upya kwa gundi na karatasi ya kaki, safu tatu. Kisha redio ikatangaza kwamba Mbaraka amefariki katika ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Spika ile niliitumia miaka mingi baadaye, na kila nilipoifungua mgongo niliiona ile karatasi ya kaki.

Miaka ya Nairobi iliyofuata ilikwenda mbio, nami nitaipitisha mbio. Wakongo walikuwa wamejaa. Super Mazembe, waliofika mwaka 1974, walistahili jina lao la mitambo ya kuchimba barabara: walipoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa, nililazimika kuzikalia spika zisitembee. Les Mangelepa walijitenga na Baba Gaston mwaka 1976, wakapanga tarumbeta zao kwa nidhamu ya kanisa. Samba Mapangala na Virunga walipokuwa klabu ya Starlight, mtu aliyechelewa alisikilizia nje, na sauti ya Samba ilikuwa nyembamba, safi, haihitaji kuongezwa chochote kwenye mtambo. Maroon Commandos wa Habel Kifoto walikuwa askari wa Kenya Rifles, na ndio pekee waliofika saa iliyoandikwa kwenye bango. Niliwapenda kwa hilo, na niliwapenda zaidi kwa Charonyi ni Wasi, wimbo wa Kitaita ambao ukumbi mzima wa watu wasiojua Kitaita uliuimba wakati mimi nikiwa nimekaa juu ya jenereta.

Agosti 1982 lilikuja jaribio la mapinduzi, na kafyu ikafuata. Bendi huishi usiku. Ukimnyang'anya mwanamuziki saa za giza umemnyang'anya mkate wake. Kafyu iliondolewa, lakini wenye kumbi walikuwa wameanza kuona kwamba mtu mmoja mwenye sahani mbili za santuri ni rahisi kuliko watu 11 wanaotaka kula. Kaseti zilinakiliwa mitaani wazi wazi. Mwanamuziki aliyesikika katika kila matatu alikuja kwetu kuomba vyombo kwa mkopo. Mwenye ukumbi mmoja aliacha kutulipa miezi minne, na nilimaliza miezi hiyo nikiishi kwa kutengeneza redio za majirani. Hayo yaliniuma, lakini yalinipa njia ya baadaye.

Kisha wale wa Wanyika wakaanza kuondoka duniani. George Peter mwaka 1992. Wilson Peter mwaka 1995. Shabani mwaka 1998, na John Ngereza, mwimbaji wa Les Wanyika, mwaka 2000. Shabani alipofariki niliacha kazi ya jukwaa. Sikuwa nimepanga iwe hivyo. Nilirudisha funguo za pikapu tu, nikaja Kitengela nilikokuwa na kiploti.

Duka langu liko hapa tangu wakati huo. Nje ni mji ambao mtoto wa reli asingeuota: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mahali tulipokuwa tukiwapisha punda milia. Udongo ni ule ule mweusi wa kunata mvua ikinyesha. Natengeneza redio, televisheni na vyombo vya makanisa, na makanisa ndiyo yenye bendi siku hizi. Jumapili mchana, ibada zikiisha, wazee wanne au watano huja na viti vyao. Mmoja alikuwa mwalimu. Mmoja alimwona Franco alipokuja Nairobi katika miaka ya 80, na hatuambii alichovaa pasipo kusimama. Mmoja ni mzee wa Kimaasai aliyefanya biashara ya ng'ombe, na alikuwa akipeleka mifugo Athi River asubuhi, jioni anapanda basi kwenda kumsikiliza Ngereza. Huwa tunapatanisha miaka. Nani alikuwa kwenye ngoma, nani alikuwa amekwishahama bendi. Si ubishi wa bure: mambo mengi ya wanamuziki hao hayakuandikwa, na tukifa sisi yatakuwa yamekwisha.

Miaka michache kabla ya korona, mwanangu alinipeleka Nairobi kwenye tamasha la jazz lililochangia Ghetto Classics, mafunzo ya muziki kwa watoto wa mtaa wa Korogocho. Watoto hao walipanda jukwaani na saksafoni zao. Nilikwenda nyuma ya jukwaa kadiri walinzi walivyoniruhusu. Mitambo ya sasa ni ya ajabu, mepesi, na hakuna ndoo ya chumvi. Nilisimama pale nikawatazama watoto wale kwa migongo yao, na niliona fahari ambayo sikuijua tangu ujana.

Jumapili iliyopita alikuja kijana wa kanisa moja la hapa, anapiga gitaa, ameleta ampi ya zamani ya valvu aliyonunua kwa mtu. Niliwasha. Valvu haziimbi papo hapo, zinataka kupata moto kwanza, na wazee walinyamaza kama watu wanaosubiri chai. Kijana akajaribu: solo, haraka sana, juu mpaka chini. Nilifunga ile sindano yangu, ambayo bado ninayo, nikamwomba apige rithim peke yake, nakshi moja, asibadilishe mpaka nitakapomwambia.

"Dakika ngapi, mzee?"

"Wewe piga tu."

Sindano iliruka, ikaruka. Dakika ya pili alitaka kupamba, nikatikisa kichwa. Dakika ya nne alifumba macho. Karibu na ya sita sindano ilipanda ikafika mahali, ikashuka, ikapanda ikafika palepale, na yule mzee wa ng'ombe akaiweka fimbo yake chini, akanyoosha mkono, akaweka kiganja nyuma ya spika.