Ncha ya Pili ya Fimbo

Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa fimbo ya mtu asiyeona ina ncha mbili. Ncha moja ameishika mwenyewe. Ncha ya pili imeshikwa na mtoto, mara nyingi mjukuu, aendaye mbele akisema, "Shimo, Bibi," "Jiwe, Babu," "Ngoja, pikipiki inapita." Sisi wapita njia twamsifu mtoto huyo kwa adabu yake, kisha twaendelea na safari zetu. Ni wachache waulizao kwa nini saa nne ya asubuhi, siku ya Jumatatu, mtoto yule yuko njiani wala hayuko darasani.

Mimi ni karani wa parokia. Kabla ya kushika daftari za ubatizo na ndoa nilisomea ualimu chuoni, na mazoea ya mwalimu hayatoki upesi: nikimwona mtoto barabarani wakati wa masomo, nataka kujua jina lake na darasa lake. Ndiyo sababu mwaka jana nilikubali kwa moyo kuandika kumbukumbu za mkutano wa vikundi vinavyowasaidia wasioona katika wilaya zetu mbili. Walikuja watu wa macho, watu wa shule, watu wagawao chakula, na wasioona wenyewe kupitia chama chao. Kila kikundi kilikuwa na mpango wake, umepigwa chapa vizuri na kutiwa jalada. Tulipoilaza mipango hiyo mezani, upande kwa upande, tuliona kwamba kitongoji kimoja kilikuwa kimepata fimbo nyeupe mara mbili, hata fimbo za ziada zikawa za kufukuzia mbuzi. Na kijiji kingine, mwendo wa saa mbili tu kwa miguu kutoka hapo, hakikupata hata moja. Basi ikaamuliwa tufanye mpango mmoja wa vikundi vyote.

Katikati ya kazi hiyo ikafika barua kutoka kwa rafiki mmoja wa parokia aishiye Ulaya. Aliuliza, kwa nia njema kabisa, mbona hatukuweka mbwa waongozaji katika mpango wetu. Baadhi ya wajumbe walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lilikuwa la haki, nikaomba nipewe wiki mbili nisome habari zake.

Kazi ya kuwafundisha mbwa kuongoza wasioona ilipata shule yake ya kwanza huko Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Marekani walianza mwaka 1929. Mwaka 1931 watu wanne wa kwanza walipata mbwa wao Wallasey, Uingereza, na mwaka 1953 chama cha namna hiyo kikaundwa Afrika Kusini. Hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa sijapata kumwona mbwa wa namna hiyo hata mmoja.

Mbwa huyo hulelewa kwanza na familia ya kujitolea tangu akiwa mtoto wa majuma machache hata apate mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kisha hurudishwa shuleni afundishwe kwa miezi kadhaa, ndipo atafutiwe mtu anayelingana naye kwa mwendo na tabia. Wao wawili hufundishwa pamoja. Atafanya kazi mpaka ana umri wa miaka minane, tisa au kumi hivi, halafu astaafu, na kazi ianze upya na mbwa mwingine. Gharama yake kwa mbwa mmoja ni maelfu mengi ya dola.

Lakini jambo lililonigusa kuliko yote ni hili: mbwa haijui njia. Watu hudhani humwambia, "Nipeleke sokoni," naye akampeleka. Sivyo. Mwenye mbwa ndiye ajuaye kwamba soko liko baada ya njia panda ya pili, mkono wa kuume. Mbwa kazi yake ni kumwepusha na shimo, mti na gari, hata kukataa amri pale mbele panapokuwa na hatari. Kwa hiyo mtu asiyejua kutembea kwa fimbo, akaijua njia yake kichwani, mbwa hamfai sana. Hata huko kwenye mbwa, fimbo hutangulia.

Jambo la pili nililolisoma ni habari ya vyama vyenyewe. Mwaka 1989 vyama vya mbwa waongozaji vya nchi mbalimbali viliunda shirikisho lao la kimataifa. Vikakubaliana masharti: namna ya kuwalea mbwa, namna ya kuwafundisha, na namna ya kumtembelea mtu baada ya kumpa mbwa ili kuona wanaendeleaje. Wakaguzi huenda kuvipima vyama hivyo, na asiyetimiza masharti hapewi cheti. Maana mtu asiyeona atajuaje kwamba mbwa aliyepewa amefundishwa vizuri? Atakuja kujua siku ya kutumbukia. Ndugu msomaji, linganisha na fimbo zetu za kufukuzia mbuzi! Nani alirudi kuuliza zilikokwenda?

Niliyasoma hayo mbele ya mkutano. Kulikuwa na mzee mmoja, Mwislamu, hakuwa ameona jua kwa miaka kumi na mitano, mtu wa maneno machache na makali. Baada ya kumwamkia nilimwuliza, "Mzee wangu, wewe ungempokea mbwa huyo?"

"Karani, mwanangu," akasema, "mbwa huyo atakula nini?"

Nikamwambia hula nyama na chakula chake maalum.

"Mimi nyama nakula Idi. Sasa watu wakiona mbwa wangu anakula kila siku, watasema kipofu ndiye yeye au ndiye mimi?"

Watu wakacheka sana, naye akangoja wanyamaze. Kisha akaeleza mambo ya maana. Mbwa wa huku ni wa kulinda mihogo na karanga dhidi ya nguruwe na ngedere, na wa kuwinda. Hatembezwi kwa kamba, na akimwona mbwa mgeni humrukia. Kuna kupe, na upande wa porini kuna mbung'o, na mbung'o huwaua mbwa. Tena yeye ni mtu wa kuswali, na mate ya mbwa yakimgusa hana budi kujitoharisha. Nikamweleza kwamba mwaka 2008, katika mji wa Leicester huko Uingereza, kijana mmoja Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kungojea mlangoni. Akafikiri kidogo, akajibu, "Hilo ni jema. Basi huko njia yao wameitengeneza mpaka mlangoni. Ninyi hapa bado hamjafukia mtaro ulio mbele ya nyumba yangu."

(Wasomaji wa Kitabu cha Tobiti watakumbuka kwamba humo yumo baba kipofu, mwanawe msafiri, na mbwa anayewafuata njiani. Lakini mbwa yule hamwongozi baba. Anakwenda na kijana.)

Asidhani mtu kwamba kwetu mbwa hawajapata kufanyiwa mpango. Kati ya mwaka 2010 na 2015 wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, mkoa wetu wa Lindi ukiwamo, zilikuwa katika kazi kubwa ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ilikuwa shirika ya wengi: Serikali, Shirika la Afya Duniani, watafiti, halmashauri za wilaya. Mbwa walichanjwa bure, na shabaha ilikuwa kufikia mbwa 70 katika kila 100, kwa sababu chini ya hapo ugonjwa hupata njia ya kurudi. Nao hawakuridhika kuhesabu dawa iliyotumika. Mbwa aliyechanjwa alivikwa ukanda shingoni, kisha watu wakapita vijijini kuhesabu wangapi wana ukanda na wangapi hawana. Mwaka 2018 mashirika makubwa ya dunia yakatoa mpango wao wa pamoja kwamba ikifika mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa kitokacho kwa mbwa. Kwangu mimi, siku mbwa mwongozaji atakapofika Ruangwa, atakuja juu ya kazi hiyo. Mahali ambapo mama huokota jiwe kila aonapo mbwa, kwa kumwogopea mtoto wake, mbwa hawezi kuwa macho ya mtu.

Nachingwea imeuona pia mpango wa namna nyingine. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, wakarudi na hesabu ya kulima karanga katika eka zaidi ya milioni tatu. Zikaletwa mashine, ikajengwa reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Ardhi na mvua hazikuwa zimeulizwa vya kutosha. Reli nayo iling'olewa. Wazee wetu walipokuwa wakituonyesha palipokuwa na tuta lake, hawakuongeza neno.

Hayo mawili, ukanda wa mbwa na tuta la reli, niliyaweka mbele ya wajumbe tulipoanza kuandika upya. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeanza hivi: "Kugawa fimbo nyeupe 300." Mzee yule akaomba isomwe mara ya pili. Kisha akasema, "Andikeni watoto wangapi watarudi shule." Ukumbi ukanyamaza, nami nikakata mstari.

Sasa rasimu yaanza kwa kuhesabu watoto washikao ncha ya pili. Kila mtoto akipatikana, mtu anayemwongoza apimwe macho kwanza, maana wengi wa wazee hao wana mtoto wa jicho, na upasuaji wa muda mfupi waweza kuwarudishia nuru. Mtu wa namna hiyo hahitaji fimbo wala mbwa, ahitaji nauli ya kufika hospitali. Asiyeweza kupona apewe fimbo ya urefu wake, ipimwe kutoka ardhini hadi kifuani, na afundishwe nayo kwa majuma, si kwa asubuhi moja: mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha iguse kulia, wa kulia ukienda, iguse kushoto. Baada ya miezi mitatu aende mtu akaangalie. Na kama asiyeona mwenyewe ni mtoto, apelekwe shule. Ya Buigiri kule Dodoma inafundisha wasioona tangu mwaka 1950, hivyo hakuna awezaye kusema haiwezekani.

Mbwa tumewaweka ukurasa wa mwisho, chini ya neno "baadaye", na rafiki yetu wa Ulaya nimemwandikia sababu zote pamoja na shukrani. Kazi yake ya kusomesha swali ilikuwa na faida kuliko hundi.

Lililobaki ni gumu. Mwalimu wa kufundisha mwendo wa fimbo atalipwa na nani? Watu wa macho wasema ni kazi ya watu wa shule. Watu wa shule wasema wanafunzi wao ni watoto, si wazee. Kila kikundi chapenda jina lake liandikwe kwenye fimbo, na mshahara wa mwalimu hauna mahali pa kubandika jina. Tumebishana juu ya hilo mikutano miwili mfululizo. Mkutano wa tatu umewekwa baada ya mauzo ya korosho, saa tatu asubuhi. Mzee ameomba usifanyike ukumbini bali barazani kwake, na kila mjumbe aje kwa miguu kutoka barabara kuu, apite penye ule mtaro.