Siku tatu za baba

Nilikuwa kimya, mazoezi ya kufundisha yalinibana kwelikweli. Nimerudi chuo jana, na kuna jambo nimerudi nalo moyoni.

Kwenye shule niliyopangiwa, ya binafsi, kulikuwa na mwalimu wa hesabu, kijana tu. Mkewe alijifungua mtoto wa kwanza Jumatatu, kwa upasuaji. Ijumaa jamaa huyo hapo ofisini, macho mekundu, anasahihisha madaftari huku anasinzia. Utani ukaanza: "Vipi mwalimu, na wewe unanyonyesha?" Ofisi nzima tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kabisa.

Jioni tukapanda daladala moja. Akaniambia mkewe katoka hospitali jana yake, hata kuinama hawezi. Mama mkwe yuko njiani anatoka Songea. Asubuhi alimwekea maji karibu na kitanda, akamwomba jirani awe anachungulia, akaja kazini. Jamani, niliishiwa maneno.

Nikaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama ana siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba je? Siku zisizopungua 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wenzetu Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inampa baba wiki 2 na mshahara wake.

Najua mtaniambia uzazi ni mambo ya kina mama, bibi na mashangazi wapo. Sawa, lakini siku hizi bibi yuko mkoani, na nyie mmepanga chumba kimoja mjini. Wengine mtasema baba akipewa likizo ataishia kijiweni. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila yule mwalimu hakuwa mmoja wao.

Halafu angalieni: sheria inasema "zisizopungua". Mwajiri hakatazwi kuongeza. Lakini nani ataenda kuomba, wakati kwa hizo 3 tu tumeshamcheka? Sheria wataibadilisha wabunge Dodoma. Kile kicheko kilikuwa chetu.

Nilimwomba radhi kabla sijaondoka. Akasema, "Usijali bwana, yatakukuta." Wenzangu wa ualimu, kesho kutwa ofisi zile ni zetu. Mnaonaje?

Haya, ngoja niwahi kipindi.