Uwanja wa Matofali

Katika likizo ya mwaka 2016, nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa viwanda, nilirudi nyumbani Ukonga na saa ya mkono, daftari jipya na majivuno makubwa kuliko vyote viwili. Karibu na nyumba yetu palikuwa na uwanja ambamo watu sita walifyatua matofali ya saruji ya inchi sita. Ndege zilipita juu yao zikienda kutua, nao hawakuinua macho. Mwenye uwanja, jirani yetu, alinilalamikia kwamba wateja wake hungoja mno, akaniomba nimwonjeshe faida ya masomo yangu. Nani angekataa ombi la heshima kama hiyo?

Elimu hii ina baba wengi, na mmoja wao alikuwa mwashi. Frank Gilbreth, Mmarekani, alianza kazi ya kujenga kwa matofali mwaka 1885 angali kijana. Aliona jinsi mafundi walivyomaliza nguvu kwa kuinama kuokota tofali moja moja, akabuni jukwaa la kuyaweka usawa wa kiuno. Miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikapungua ikawa kama 5. Habari hii ilikuwa imenilevya. Kwa siku tatu niliketi kivulini nikapima kila tendo: chepe lilipoingia mchangani, toroli lilipogeuka, kalibu ilipoinuliwa. Siku ya nne tuliunda meza ya mbao ili mfyatuaji asiiname, tukalisogeza na lundo la mchanga. Matofali yaliyokuwa 300 kwa siku yakawa 420. Wafyatuaji walinishukuru, kwa kuwa migongo yao ilipata raha.

Lakini daftari langu lilikuwa na ukurasa mwingine. Alikuwako mzee mmoja ambaye hakufyatua wala hakubeba. Kazi yake ilikuwa kuchota maji, kumwagilia matofali asubuhi, adhuhuri na jioni, na kuyafunika kwa magunia. Kati ya zamu na zamu aliketi. Nilikupima kuketi kule, nikaandika mbele ya kazi yake: haizalishi. Neno hilo lilitosha. Mwenye uwanja alimfutia zamu ya adhuhuri, akampa toroli, akamwambia kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wake. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umeyapima na matofali, au umenipima mimi peke yangu?" Nilidhani ni maneno ya mtu anayetetea ugali wake.

Baada ya wiki mbili alikuja mama mmoja wa Gongo la Mboto, aliyenunua matofali 200 kwa fedha za upatu. Matofali 31 yalivunjika wakati wa kushushwa, na mengine yalimomonyoka pembe kwa kusuguliwa na kidole. Hakupiga kelele. Alitaka kujua kama yale mazima yaweza kubeba paa la chumba cha watoto wake. Swali halikuelekezwa kwangu, ila katika wote waliokuwapo mimi ndiye niliyestahili kulijibu, nami nilinyamaza.

Usiku ule nilifanya hesabu niliyofundishwa darasani mapema kabisa. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni fupi: idadi ya vitu vilivyomo mahali pa kazi ni sawa na kasi ya kuingia kwavyo mara muda wa kukaa kwavyo. Uwanja wa jirani yetu, hata matofali yakipangwa juu kwa juu, ulimeza 2,100. Yalipoingia 300 kwa siku, kila tofali lilikaa siku 7. Yalipoingia 420, lilikaa siku 5 tu, maana ukuta wa uwanja haukusogea kwa ajili ya elimu yangu. Na saruji haikakamai kwa kukauka kama udongo wa nyumba ya miti. Hukakamaa kwa kunywa maji, na ikikauka mapema kazi hiyo husimama. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida siku ya 28, na siku ya 7 huwa imefikia kama theluthi mbili. Mzee alipokuwa ameketi, tofali lilikuwa bado likitengenezwa.

Asubuhi nilimwendea mwenye uwanja na karatasi yangu, nikakiri kwamba kosa ni langu. Nikamwambia achague: arudi kwenye matofali 300, au apate mahali pa matofali 840 zaidi. Alinung'unika sana juu ya kodi, kisha akakodi kiwanja kitupu cha nyuma. Yule mama alipewa matofali mengine 200 yaliyotimiza siku zake, na nusu ya bei nililipa kwa fedha yangu ya matumizi ya chuo.

Mzee alirudishiwa zamu zake. Nilipomwomba radhi alisema yamekwisha. Halafu akataka kujua: kwa kuwa uwanja umepanuka, ndoo zake zitakuwa ngapi kwa siku, na nani atamsaidia? Nikafungua daftari. Chepe lilikuwamo, toroli lilikuwamo. Ndoo zake sikuwa nimezihesabu. Niliketi karibu naye, tukaanza na ile ya asubuhi.