Kapasita gani kwa amplifaya? Angalia kazi yake kwanza

Leo naweka programu kando nizungumzie kapasita, maana swali hili naulizwa sana huku Kwale.

Chukueni mfano wa amplifaya ya madrasa moja hapa Msambweni. Ilikuwa ikivuma mpaka watoto wa nyuma hawatofautishi sini na swadi ustadhi anaposoma. Wazazi walichanga shilingi 3,000. Mtu akawashauri waagize kapasita za "sauti safi" kutoka nje, kila moja kwa bei ya mfuko wa unga. Zingebadilishwa chache tu, pesa ziishe.

Mimi huanza kama ninavyotafuta hitilafu kwenye programu: kila kapasita inafanya kazi gani?

1. Kusafisha umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Ukipita kwenye daiodi nne, mawimbi yanayobaki ni ya 100 Hz. Nilipima mvumo ule kwa kompyuta, ukawa 100 Hz kamili. Hapo mtuhumiwa ni elektrolitiki kubwa za pawa. Ndani zina majimaji, na joto huzikausha. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipungua nyuzi 10, maisha yake huongezeka mara mbili. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 85, ikiwa kwenye nyuzi 65, itafika kama saa 8,000. Iliyoandikwa saa hizo hizo kwa nyuzi 105 itafika 32,000. Chini ya paa la mabati, chagua ya 105.

2. Kupitisha sauti na kuzuia umeme wa DC. Hapa ukubwa ndio muhimu. 1 µF ikifuatwa na rezista ya kilo-omu 10 huanza kukata besi karibu na 16 Hz, chini ya sauti ya kawaida ya binadamu. Kapasita ikiwa kubwa ya kutosha, volti za sauti juu yake ni ndogo mno, hivyo aina yake haileti tofauti kubwa. Ya poliesta inafaa kabisa. Ukitumia elektrolitiki, angalia chanya na hasi.

3. Vichujio vya toni. Hapa aina ina maana. Seramiki za X7R na Y5V hubadilika thamani kulingana na volti, na zikigongwa zinaweza kutoa kelele. Tumia za plastiki, au seramiki za C0G.

Mzee mmoja, fundi wa Ukunda, alinisaidia kulehemu. Akaniambia, "Mwanangu, anza na miguu." Kweli, chumvi ya bahari ilikuwa imeigeuza shaba kuwa kijani. Tukasafisha kwa spiriti, tukabadilisha elektrolitiki mbili za pawa, mvumo ukaisha. Pesa zilizobaki zilinunua maikrofoni, na sasa watoto wa nyuma wanarudia herufi bila kuuliza.

Tahadhari: kapasita kubwa hubaki na chaji hata ukichomoa plagi. Imalize kwa rezista na uhakikishe kwa mita kabla ya kugusa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaweka kiprogramu cha kukokotoa hizo Hz. Mpaka hapo, kwaherini.